Rangi ya Masaa Matatu

Jumanne. Saa nane na robo mchana.

Wangila aliweka kifuniko cha kopo la rangi juu ya meza.

"Hili ni ghala."

Akalaza kipande cha kamba kando yake. "Huu ni mto."

Akachukua msumari, akaupigilia kwenye ubao wa meza kwa pigo moja. "Na hapa ni karao. Polisi wa kizuizi cha barabarani. Wakisikia mbegu imeibwa, watasimamisha kila lori linaloingia Eldoret."

Kisha akaweka kiberiti juu ya kifuniko na kukisukuma polepole kwa kidole. "Kiberiti ni lori letu. Likitoka ghalani ni la kijani, na mlangoni lina jina la kampuni ya mbegu. Likifika kwa msumari ni la kijivu, la kubeba mbao, halijawahi kuona mbegu tangu lizaliwe." Kidole kikasimama kwenye kamba. "Sasa hapa katikati. Hapa inatokea nini?"

Vichwa vitatu vikamgeukia Jeconia Otiende.

"Hapo," Otiende akasema, "lori linavua nguo."

Chumba kilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga mahindi, mtaa wa Langas. Mashine ilinguruma tangu asubuhi hadi jioni, na ndiyo sababu Wangila alikichagua. Kompresa ingeweza kulia humo kutwa nzima na jirani asiulize. Wangila alijiita Sajenti, ingawa jeshi lilimtema kabla hajafika hata koplo. Dereva wake alikuwa Thuo, kijana mwembamba mwenye bastola kiunoni na kicheko cha mtu asiyelala vizuri. Wa tatu alikuwa Nasike, mwanamke wa miaka thelathini hivi, aliyepiga taipu katika ofisi za watu mpaka alipogundua kwamba sahihi ya bosi wake ilikuwa rahisi kuiga.

Na Otiende. Miaka hamsini na mitatu. Miaka ishirini na miwili alipaka magari katika gereji moja mjini, na hakuna gari la maana lililopanda kwenda kwa matajiri wa Elgon View bila kupita chini ya mkono wake. Mwaka uliopita meneja mpya alikuja, kijana wa suti, akasema kuvuta kifyatuo cha bunduki ya rangi hata tumbili anaweza. Otiende akatoka na bunduki yake ya rangi chini ya kwapa, imefungwa katika kitambaa cha flaneli. Tangu siku hiyo alipaka mageti kwa brashi. Kisha Wangila akaja mlangoni kwake na kumwita Fundi. Neno hilo hakuwa amelisikia kwa mwaka mzima. Lilimwingia kama chai ya asubuhi, na kabla chai haijapoa alikuwa amekubali.

"Itavua aje?" Thuo akauliza. "Mi nimeona rangi ikitoka kwa gari, mzee. Inachukua miaka kumi na mvua ya Kakamega."

"Hiyo ni rangi iliyopakwa vizuri. Hii nitaipaka vibaya."

Maneno hayo yalimkera mwenyewe. Alisimama ili yasikae. Akawasha kompresa, akachukua kipande cha bati alichokwisha kukipaka sabuni ya kuyeyushwa na kukiacha kikauke.

"Angalieni. Bunduki ina koki mbili hapa nyuma. Hii ya juu inatanua upepo. Hii ya chini inaachilia rangi. Na kule kwenye kompresa kuna geji ya hewa. Fundi akikosa moja kati ya hizo tatu, hata gari la waziri litaonekana kama mbuzi mwenye upele." Akazungusha geji mpaka sindano ikagusa sabini. Akafunga koki ya rangi ikabaki nyembamba. Akarudi nyuma hatua moja zaidi ya inavyotakiwa. "Hewa nyingi, rangi kidogo, mbali. Rangi inakaukia hewani kabla ya kufika."

Bunduki ilipiga mluzi mkali. Bati likawa kijani, lakini kijani kilichofifia, kama kilichopakwa unga. Otiende akangoja kidogo, akamwaga maji ya kopo, akasugua kwa ufagio mara tatu. Kijani kikateremka pamoja na sabuni. Bati likabaki uchi.

Thuo akapiga mluzi wake mwenyewe.

"Itakaa masaa matatu barabarani," Otiende akasema. "Manne, msipoiegemea."

"Na mvua ikinyesha kabla ya hapo?" Thuo akauliza.

"Basi mtafika kwenye geti la ghala uchi."

Wangila akacheka, akampiga bega. "Mnaona? Huyu ndiye fundi. Si wale watoto."

"Ghala ni la nani?" Otiende akauliza.

"Mkubwa mmoja kule Ainabkoi. Mwaka jana jua limeua kila kitu, mwaka huu kila mkulima analilia mbegu, na yeye amefungia mifuko mia mbili akingoja bei ipande. Tunamwibia mwizi, Fundi. Malaika wenyewe watatushikia geti." Macho yake yakawa magumu tena. "Alhamisi tunatoka. Mpaka siku hiyo hakuna mtu kuvuka huu mlango. Thuo atalala hapo hapo kizingitini."

"Hata choo?"

"Choo, Thuo atakuimbia ukiwa ndani."

Jumatano. Saa nne asubuhi.

Lori liliegeshwa katika banda lililoungana na chumba. Usiku uliotangulia Otiende alikuwa amelipaka sabuni kote, kuanzia kabini ya dereva hadi mbao za pembeni. Sasa alikuwa akimwaga maji yaliyokusanyika katika tangi la kompresa. Baridi ya Eldoret hutia maji katika hewa, na tone moja likipita kwenye bunduki huacha kitundu cha duara, jicho la samaki, juu ya bati.

Nasike aliingia na karatasi mbili zilizotoka kwenye taipu. Akaziweka juu ya benchi, katikati ya makopo. Akamtazama Otiende kidogo. Akatoka.

Wangila alikuwa akisema tangu mwanzo kwamba karatasi zinaweza kukaa mbele ya Fundi bila wasiwasi. Mtu wa kushika rangi atajulia wapi kusoma?

Lakini Otiende alikuwa amesoma. Akiwa na miaka arobaini na moja alijiandikisha ngumbaru. Jioni baada ya kazi, mikono ikinuka thina ya kuyeyushia rangi, alikaa kwenye benchi la kanisa pamoja na watu wazima wengine, akifundishwa na mwalimu Maximilla, binti aliyekuwa na umri wa kuwa mwanawe. Alichekwa gereji nzima. Hakuacha. Sasa alisoma Biblia, magazeti, na maandishi madogo kwenye makopo ya rangi ambayo mafundi wengine waliyaruka.

Akaikaribia karatasi ya kwanza bila kuigusa.

*Ghala la Ushirika, Moiben. Mifuko mia mbili ya mbegu ya mahindi irudishwe kwa kampuni.*

Akaisoma tena. Moiben. Hapakuwa na Ainabkoi popote, wala mkubwa. Ushirika wa Moiben ulikuwa wa watu wadogo, wenye ekari moja, ekari mbili. Leonida, mkewe, alikodi ekari moja huko. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya ushirika, mfuko mmoja, na siku ya kuuchukua ilikuwa Alhamisi. Kesho. Alikuwa amekwisha kuvunja madongoa ya shamba lile kwa jembe, peke yake, kwa wiki mbili, kwa sababu mumewe alikuwa mjini akitafuta kazi.

Karatasi ya pili ilikuwa kibali cha lori la mbao, cha kuonyesha kizuizini. *Dereva, mwanamume, mmoja. Msimamizi, mwanamume, mmoja. Karani, mwanamke, mmoja. Jumla ya watu garini: watatu.*

Akahesabu kwa vidole ingawa hakuhitaji. Watu wanne wangeondoka ghalani. Wanne wangefika mtoni. Watatu wangefika kizuizini. Na ni mtu mmoja tu duniani, nje ya Wangila na watu wake, aliyejua kwamba lori la kijani na lori la kijivu ni lori moja.

Mashine ya kusaga ikanguruma upande wa pili wa ukuta. Otiende akarudi kwenye tangi, akamalizia kumwaga maji.

*Fundi*, walimwita. Walimvisha neno zuri kama watu wanavyomvisha ng'ombe shanga kabla ya kumchinja.

Jumatano. Saa saba mchana.

"Unafanya nini sasa?" Thuo aliuliza kutoka mlangoni.

"Naosha."

"Si ulipaka sabuni jana?"

"Njoo uone." Otiende akapitisha kidole juu ya boneti na kumwonyesha. Kidole kilikuwa cheupe. "Unga. Mashine ya jirani imeutema tangu asubuhi. Nikipaka juu ya unga, rangi itaanguka kabla hujafika lami. Unataka kuendesha lori lenye madoa kama chui?"

Thuo hakutaka. Otiende akaosha sabuni yote. Alipomaliza, alichukua msasa wa maji na kulisugua lori lote, taratibu, mpaka kijivu kikapoteza mng'ao na kuwa na meno ya kushikia. Kisha akafuta kwa kitambaa chenye thina. Akatundika magunia yenye maji ukutani yanase unga. Thuo alitazama dakika kumi za kwanza, akapiga miayo, akatoa karata.

Saa tisa Otiende akafungua kitambaa cha flaneli.

Bunduki ilikuwa safi kama siku aliyoinunua. Akachanganya rangi, akaiacha idondoke kutoka kwenye kijiti, akahesabu matone. Akaenda kwenye geji. Sindano ilikuwa bado kwenye sabini. Akairudisha. Sitini. Hamsini. Arobaini na tano. Mpira wa hewa ulikuwa mrefu, na mpira mrefu hula hewa njiani. Arobaini na tano kule ni thelathini na tano mkononi. Hapo ndipo palipokuwa mahali pake. Miaka ishirini na miwili palikuwa hapo.

Akapiga mara moja juu ya gazeti la zamani ukutani. Doa likatokea, refu, nono katikati, jembamba nchani. Hewa kidogo mno. Akaongeza nyuzi mbili. Akapiga tena. Sasa rangi ilikimbilia nchani na kuacha katikati pakavu. Akapunguza moja, akaifungua koki ya rangi robo mzunguko. Doa la tatu lilikuwa yai kamili, sawasawa pande zote.

Akasimama shibiri moja kutoka kwenye mlango wa lori, akavuta.

Rangi ilitua ikiwa mbichi. Iliteleza, ikaungana, ikatulia. Alitembea nayo kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, mkono haupindi, kila mstari ukilalia nusu ya uliotangulia. Hakuna chozi la rangi lililoteremka. Hakuna vipele kama vya ganda la chungwa vilivyojitokeza. Alikuwa amesahau kwamba mwili wake ulijua furaha ya namna hiyo.

"Mzee."

Nasike alikuwa amesimama nyuma yake. Hakujua kwa muda gani.

"Jana hiyo bunduki ilikuwa inapiga mluzi," akasema kwa sauti ya chini. "Leo inapumua tu. Kama mtoto amelala."

Otiende hakugeuka. "Jana ilikuwa kujaribu."

Nasike akatazama geji. Akalitazama lori. Akamtazama Thuo, aliyekuwa akijidanganya kwa karata zake mwenyewe. Kitu kikapita usoni mwake, na Otiende hakuweza kukisoma, kwa kuwa hakikuandikwa.

"Sawa, Mzee," akasema. Akarudi kwenye taipu yake.

Jumatano. Saa kumi na moja jioni.

Wangila alizunguka lori mara mbili. Herufi nyeupe za kampuni zilikuwa zimekauka mlangoni. Alisogeza uso karibu, akajiona.

"Jana bati lilikuwa kama limepakwa unga. Hii inang'aa."

Thuo akainua kichwa.

"Ulitaka lori la kampuni kubwa liende Moi..." Otiende akakohoa, akakohoa tena, akashika kifua. "Samahani. Moshi wa thina. Ulitaka liende Ainabkoi limepauka kama chokaa? Mlinzi atakucheka getini. Nimepitisha nta juu. Maji ya mto yakigusa nta, kila kitu kinaondoka nayo."

Kidole cha Wangila kikapita juu ya herufi.

"Ukinidanganya, Fundi..."

"Nikikudanganya utafanya nini? Utaniua mara mbili?"

Wangila akacheka, lakini macho yake hayakucheka. "Mara mbili! Huyu mzee ni moto." Akamtupia pakiti ya sigara. Otiende hakuvuta sigara. Aliiacha ianguke sakafuni.

Alhamisi. Saa tano na dakika ishirini asubuhi.

Geti la ghala la Moiben lilikuwa wazi. Kando ya ukuta walikuwa wamekaa wanawake hamsini au zaidi, magunia matupu magotini, na wazee wachache waliokuja na trekta na mikokoteni ya punda. Wote walitazama mbingu. Mawingu yalikuwa yamekaa upande wa milima ya Cherang'any kwa siku tatu, mazito, yakingoja.

Nasike alishuka na viatu vya ofisi na faili. Karani wa ghala, kijana aitwaye Murunga, alizisoma karatasi mara mbili.

"Irudi? Hii mbegu watu wameingojea tangu Januari, madam."

"Imekosewa dawa. Mkiipanda haitaota. Nyingine inaletwa kesho. Unataka jina lako liandikwe kwamba ulikataa?"

Katika mwaka ule wa kugombania mbegu, hakuna karani aliyetaka jina lake liandikwe popote. Murunga akawaita wapagazi.

Otiende alikuwa nyuma, juu ya lori, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, akipanga mifuko. Mbegu nyekundu kwa dawa zilichungulia penye mshono uliofumuka. Wapagazi walibeba bila wimbo. Manung'uniko yalianza ukutani, na sauti moja ikapanda juu ya nyingine zote.

"Kesho? Yesu wangu, mvua nayo tuiambie ingoje kesho?"

Aliijua sauti ile kwa miaka ishirini na saba. Leonida alikuwa amesimama, leso kiunoni, matope ya shamba kwenye visigino.

Otiende angeweza kuinama. Mfuko ulikuwa mkononi, kofia kichwani, na ukuta wa mbao ulikuwa karibu. Badala yake aliuweka mfuko chini. Akavua kofia. Akasimama wima juu ya lori na kumtazama mkewe moja kwa moja.

Leonida akafunga mdomo. Macho yake yakashuka kutoka usoni hadi kwenye mikono, kwenye kucha zenye kijani. Yakaenda kwenye mlango wa lori, kwenye kijani kile kile. Yakarudi usoni.

"Vaa kofia, mzee," Wangila akasema kwa meno yaliyofungwa.

"Jua si kali."

"Vaa kofia."

Akaivaa. Mfuko wa mwisho ulipanda saa sita na dakika kumi. Lori lilipopita geti, Otiende alichungulia kati ya mbao. Wanawake wengine walikuwa wakikunja magunia yao waende nyumbani. Leonida hakukunja lake. Alikuwa anaelekea kwenye mlango wa ofisi ya karani, amepandisha leso, anatembea kama mtu anayekwenda kumtoa nyoka ndani ya nyumba.

Otiende akakaa juu ya mbegu. Ndani ya ofisi ile kulikuwa na simu.

Alhamisi. Saa sita na dakika hamsini.

Mto ulikuwa mwembamba, lakini maji ya kuoshea yalitosha. Mbao za kufunikia mzigo zilikuwa zimefichwa ukingoni chini ya turubai tangu Jumatatu, pamoja na namba nyingine za gari. Thuo aliliingiza lori mpaka maji yakafika kwenye ringi. Mifagio ikatoka. Debe likamwagwa.

Thuo alisugua mlango. Akasugua tena. Akasogeza uso.

"Sajenti."

"Nini?"

"Haitoki."

"Sugua, wewe! Unabembeleza nani?"

Wangila akamnyang'anya ufagio. Akausugua mpaka mpini ukalia. Vumbi la barabara liliondoka. Chini yake kijani kiling'aa zaidi kuliko asubuhi, kimeoshwa, kinacheka na jua. Herufi nyeupe hazikupoteza hata mkia.

Akageuka polepole. Bastola ya Thuo ilikuwa imehamia mkononi mwake.

"Fundi. Toa hii rangi."

"Dereva mmoja," Otiende akasema kutoka juu ya mzigo. "Msimamizi mmoja. Karani wa kike mmoja. Jumla ya watu garini, watatu. Mimi ningepita kizuizini nikiwa nani, Sajenti? Mbao?"

Maji yakapita. Thuo akamtazama Wangila. Nasike akatazama viatu vyake vya ofisi vilivyolowa.

"Unajua kusoma," Wangila akasema.

"Nilijifunza nikiwa na miaka arobaini na moja. Wewe je, utaanza lini?"

"Nitakupasua kichwa!"

"Piga. Risasi haitoi rangi." Otiende akashuka, akasimama ndani ya maji mbele ya mdomo wa bastola. "Ni mtu mmoja tu hapa anayejua kinachoitoa. Mpige, halafu ukamweleze karao."

Wangila alitazama barabara, akatazama lori. Bastola ikashuka kidogo. "Inatolewa na nini?"

"Jivu. Maji ya moto na jivu. Washeni moto."

Basi wakawasha moto. Wangila, jambazi aliyekuwa ameteka magari katika barabara za Bungoma hadi Nakuru, alichutama akipuliza kuni mbichi, machozi yakimtoka, huku mzee mmoja akimwambia hapana, si hivyo, ziweke mkao wa nyumba. Maji yakachukua muda kuchemka. Jivu likachukua muda kupatikana. Otiende aliwaamuru walichekeche. Aliwaambia wakoroge upande mmoja tu, wa kulia, wakigeuza itaharibika. Thuo alikoroga. Walipaka mlango, wakangoja, wakasugua. Kijani kikawashukuru kwa kung'aa.

"Sajenti," Thuo akasema kwa sauti ya kitoto, "huyu anatuchezea."

"Thina!" Wangila akaruka. "Thina ndiyo inatoa rangi! Iko wapi?"

"Niliimaliza jana. Kulifutia lori." Otiende akanyoosha mgongo. Hakuona tena haja ya kusema uongo. "Na hata ungekuwa na pipa zima, ni kazi ya siku mbili. Nililisugua kwa msasa. Nililipaka kwa thelathini na tano, ikiwa mbichi, mara mbili. Hiyo haitoki, Sajenti. Hiyo nimeipaka vizuri."

Ndipo wakasikia trekta. Si moja. Zilikuwa zikiteremka kilima, zikiufuata moshi wa kuni zao, na nyuma yake Land Rover ya polisi, na watu wamening'inia kila mahali penye kushikika, magunia matupu yakipepea mikononi mwao kama bendera.

Thuo alikimbia. Lakini mashamba ya mwezi wa tatu hayana hindi la kumficha mtu. Ni udongo mtupu uliolimwa, na mtu hapo huonekana kama inzi kwenye maziwa. Wangila hakukimbia. Aliinua bastola usawa wa kifua cha Otiende. Nasike akainua ufagio na kuupiga mkono wake kwa nguvu zote. Risasi iliyokuwa inakwenda moyoni ikaingia begani, upande wa kushoto.

Otiende alikaa majini. Damu ilishuka na mto, ikapita chini ya lori. Aliangalia mkono wake wa kulia, akafungua vidole, akavifunga. Vyote vilikuwepo.

"Nilikuona Jumanne," Nasike alimwambia, akimfunga kwa kitambaa cha kichwa huku kelele zikiwafikia. "Ukisoma kopo. Midomo ilikuwa inacheza. Ndipo nikakuwekea zile karatasi."

Juni. Saa tatu asubuhi.

Mahakama ilijaa. Lori liliegeshwa uani likiwa kielelezo namba moja. Murunga alieleza jinsi mama mmoja alivyoingia ofisini na kusema: huyo mwenye kofia ni mume wangu, hajawahi kufanya kazi ya mbegu, na hajawahi kunitazama vile, piga simu. Leonida alieleza hivyo hivyo, bila kupunguza neno. Alipoulizwa kama alijua anamfunga mumewe, alisema, "Aliivua kofia mwenyewe."

Mvua ilikuwa imenyesha Jumamosi ileile. Mahindi ya Moiben yalikuwa yamefika magotini.

Wangila aliapa kwamba Fundi ndiye aliyepanga yote. Kwamba rangi ile ilikuwa ya kufutika, na kwamba ni bahati mbaya tu ilikataa. Hakimu akamtuma askari nje. Kupitia dirisha watu wote walimwona akikwangua mlango wa lori kwa sarafu. Akakwangua kwa ufunguo. Akarudi na sarafu iliyopinda.

"Mshtakiwa wa nne," hakimu akasema. "Rangi hii ulipaka kwa nia gani?"

Otiende alisimama. Bega lilimuuma, akalinyoosha hivyo hivyo.

"Mheshimiwa, nilikubali kuiba. Hilo sikatai, nifunge. Lakini niliambiwa nipake rangi ya kufutika, na nikaipaka kweli, siku ya kwanza, juu ya kipande cha bati. Tangu siku hiyo sijaweza kurudia."

Akafungwa miaka minne. Alipotoka, kabla ya kwenda nyumbani, alipitia kituo cha polisi. Lori lilikuwa bado uani, halina magurudumu, halina vioo. Kuku walitaga ndani ya kabini ya dereva. Chesisi ilikuwa imeliwa na kutu. Otiende akatema mate kwenye kitambaa, akafuta vumbi mlangoni, nafasi ya kiganja kimoja.

Askari mmoja akaja mbio. "We mzee! Unatafuta nini hapo?"

Otiende akasogea kando kidogo, ili askari naye ajione katika rangi.

"Hakuna," akasema. "Nilikuwa napita tu kuangalia kazi yangu."